Vumbi la Ujenzi: Nani Anailipa Gharama Hii?

Katika kiangazi cha mwaka 2023, parokia yetu ilipokuwa ikijenga ukumbi, mama mmoja anayeuza uji na maandazi ng'ambo ya ukuta wetu alikuja ofisini. Hakuja kugombana. Alitueleza kwa upole kwamba tangu tuanze kubomoa jengo la zamani wateja wake wamepungua, kwa kuwa kila upepo uvumapo vumbi huingia katika sufuria. Na kwamba mjukuu wake, ambaye hushinda naye pale kibandani, sasa anakohoa usiku kucha. Tulimsikiliza, tukampa pole, kisha tukampa jibu ambalo sote twalifahamu: "Vumilia kidogo, mama. Maendeleo yana gharama zake."

Jibu lile limetusumbua tangu siku ile. Halikuwa uongo, lilikuwa nusu ya ukweli. Ni kweli kwamba maendeleo yana gharama. Lakini hatukumwambia gharama hiyo ni kiasi gani, wala hatukumwambia kwa nini ailipe yeye ambaye ukumbi si wake, ilhali sisi tulikuwa na kamati ya ujenzi, mweka hazina na akaunti benki. Tukiwa Tume ya Haki na Amani, tunaona ni wajibu wetu kusema wazi jambo ambalo siku ile hatukulisema: vumbi la ujenzi si ajali ya hali ya hewa. Ni gharama ambayo mjenzi ameikwepa, akamtwika jirani na kibarua. Kwa sababu hiyo ni suala la haki, na si suala la usafi peke yake.

TUNAYOYAONA

Sisi tunaoishi Dodoma hatuhitaji kuelezwa vumbi ni nini. Nchi yetu ni kame. Mvua hunyesha kwa miezi minne au mitano, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili. Baada ya hapo ardhi hukauka, majani hunyauka, na upepo huvuma bila kizuizi hadi mvua zirudi. Wazee wetu waliishi na upepo huu vizazi kwa vizazi. Jambo jipya ni wingi wa ardhi iliyochimbuliwa.

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, na hasa tangu mji wetu upewe hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, ujenzi haujapumzika. Mji wa Serikali umesimama Mtumba. Barabara, reli, vyuo, nyumba za kupanga na majengo ya ibada yameongezeka kila upande. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu wapatao 411,000 katika eneo la jiji letu. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 760,000. Watu hao wanahitaji nyumba, shule na zahanati, nasi hatulaumu hata kidogo kwamba vinajengwa. Wengi wetu tumepata riziki humo.

Lakini tazameni jinsi tunavyojenga. Kiwanja kizima husafishwa kwa greda siku moja, hata kama nyumba itakalia robo yake. Sehemu iliyobaki huachwa wazi miezi mingi, upepo ukiichota. Tipa za mchanga na kifusi hupita mitaani bila turubai. Kifusi cha ghorofa hutupwa chini kupitia dirishani. Vigae na matofali hukatwa vikavu kwa grenda, na anayekata hutoweka ndani ya wingu jeupe. Jioni mifuko ya saruji, mabaki ya mbao na plastiki huchomwa moto papo hapo, moshi ukijiunga na vumbi. Barabara ya mchepuko hupitishwa mbele ya shule, na walimu hulazimika kuchagua kati ya kufunga madirisha katika joto na kuyafungua kwa vumbi.

Haya yote tumeyazoea kiasi kwamba hatuyaoni tena. Kuzoea si ushahidi kwamba jambo ni halali.

VUMBI HILI LINAFANYA NINI

Vumbi lote si sawa. Chembe kubwa, zile tunazoziona kwa macho, hunaswa puani na kooni. Zilizo hatari zaidi ni zile tusizoziona. Wataalamu huzitaja kwa ukubwa wake: chembe zisizozidi mikromita 10, na nyingine ndogo zaidi, zisizozidi mikromita 2.5. Unywele wa binadamu una unene wa mikromita 70 hivi. Chembe hizo ndogo huteremka hadi ndani kabisa ya mapafu, na zilizo ndogo kupita zote huweza kupenya na kuingia katika damu.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba, kwa wastani wa saa 24, hewa isiwe na zaidi ya mikrogramu 45 za chembe za mikromita 10 katika kila mita moja ya ujazo. Tufanye hesabu ndogo ili tuelewe maana yake. Gramu moja tu ya vumbi hilo laini, kiasi kisichojaza kijiko cha chai, ikisambaa sawasawa, yatosha kuifikisha hewa ya kumbi zaidi ya 20 kwenye kikomo hicho, kila ukumbi ukiwa na urefu wa mita 20, upana wa mita 10 na kimo cha mita 5. Mtu atakayesema kwamba vumbi lake ni kidogo na aitafakari hesabu hiyo.

Zaidi ya hayo, mchanga, kokoto, zege, matofali na vigae vina madini yaitwayo silika. Yakikatwa, yakitobolewa au yakisagwa, hutoa unga laini ambao ukivutwa kwa muda mrefu huacha makovu katika mapafu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna tiba ya kuuponya, na aliye nao hushambuliwa kwa urahisi zaidi na kifua kikuu, ugonjwa ambao familia zetu nyingi zimeufahamu kwa machozi. Tangu mwaka 1997 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeiweka silika inayovutwa kazini katika orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Nayo saruji huunguza ngozi na macho, na huwasha njia ya hewa.

Wala haya hayakugunduliwa jana. Mwaka 1930 huko West Virginia, Marekani, palianzwa kuchimbwa handaki la maji lijulikanalo kwa jina la Hawks Nest, kupitia mwamba wenye silika nyingi. Wafanyakazi wengi walikuwa watu weusi maskini waliotoka mbali kutafuta kibarua katika miaka ya shida. Wakati huo tayari ilijulikana kwamba kutoboa mwamba kwa maji hupunguza vumbi. Lakini kutoboa kukavu kulikuwa kwepesi na kwa haraka, basi mwamba ukatobolewa mkavu. Mamia walikufa kwa silikosisi, na mwaka 1936 jambo hilo likajadiliwa katika Bunge la nchi ile. Dawa yake ilikuwepo, ilikuwa rahisi, na ilikuwa maji. Ilikosekana nia tu, kwa sababu waliokuwa wakiokoa muda si waliokuwa wakivuta vumbi.

GHARAMA ILIYOHAMISHWA

Hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu. Mjenzi anapoacha kununua turubai, hajaiondoa gharama duniani, ameihamisha. Jirani atailipa kwa sabuni na maji ya kufua upya nguo zilizokwisha kuanikwa. Mama lishe atailipa kwa chakula kilichomwagwa. Mzazi atailipa kwa nauli ya zahanati na kwa usiku wa kukesha. Mwenye pumu atailipa kwa pumzi yenyewe. Gharama hizi hazionekani katika hesabu za ujenzi, kwa hiyo jengo huonekana kuwa la bei nafuu. Unafuu huo umetoka mifukoni mwa watu ambao hawakuulizwa.

Anayelipa zaidi ya wote ni kibarua. Katika ukumbi wetu kijana mmoja saidia fundi alichanganya saruji kwa miezi mitatu, amejifunga kitambaa puani. Kitambaa hakizuii chembe laini. Kinampa mtu matumaini tu. Alipoanza kukohoa alikaa nyumbani wiki mbili, na kwa kuwa kibarua hulipwa kwa siku, wiki hizo mbili hakulipwa. Hatujui kama kikohozi kile kilitokana na saruji yetu. Tunachojua ni kwamba hatukumpa barakoa inayofaa, na kwamba hakuna aliyeuliza.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na ampatie vifaa vya kujikinga. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 inatambua magonjwa yanayotokana na kazi. Lakini silikosisi aghalabu hujitokeza baada ya miaka mingi. Wakati huo jengo limekwisha kuzinduliwa, mkandarasi amekwenda mkoa mwingine, na kibarua hana hata karatasi moja inayoonyesha kwamba aliwahi kufanya kazi pale. Haki yake imeandikwa, lakini ushahidi wake umepeperuka pamoja na vumbi.

Marehemu Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Sisi tunaopakwa majivu kila mwanzo wa Kwaresima tunakumbushwa kwamba tu mavumbi. Na kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba mavumbi hayo yakawa mtu alipopuliziwa pumzi. Anayeijaza vumbi pumzi ya mwenzake anacheza na kitu asichokiumba.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Waamini wengi hudhani kwamba mtu wa kawaida hana la kufanya mbele ya mkandarasi. Sivyo. Ibara ya 14 ya Katiba ya nchi yetu inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata hifadhi ya maisha yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema kwamba kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na inamruhusu mwananchi kuchukua hatua za kisheria haki hiyo inapovunjwa. Sheria hiyo hiyo inaagiza kuwepo kwa kamati za mazingira hata katika ngazi ya kata, mtaa na kijiji. Tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa nalo liliitambua haki hiyo kuwa haki ya binadamu.

Na haki hii imewahi kudaiwa na watu kama sisi. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, waliishtaki halmashauri ya jiji kwa sababu ya jaa la taka lililokuwa likifuka moshi na uvundo katikati ya makazi yao. Walishinda. Halmashauri ilipoomba iongezewe muda wa kuendelea kulitumia jaa hilo, Jaji Lugakingira alikataa, akaeleza kwamba kuchafua hewa wanayoivuta watu ni kuhatarisha haki yao ya kuishi chini ya ibara ya 14. Hapakuwa bado na sheria ya mazingira tuliyo nayo leo. Palikuwa na Katiba, na wananchi waliokubali kusimama pamoja.

Kisa hicho kina sehemu ya pili, nayo yatufundisha zaidi. Taka zilipoondolewa Tabata, zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Na wakazi wa huko nao, mwaka 1991, ikawalazimu kwenda mahakamani kuzizuia. Uchafu uliohamishwa kutoka kwa jirani mmoja hadi kwa mwingine haujaondolewa. Vivyo hivyo vumbi: kulisukuma nje ya uzio wetu si kulidhibiti. Hulidhibiti mtu pale linapozaliwa.

HOJA ZA WENZETU

Zipo hoja tatu tunazozisikia mara kwa mara, na zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Ya kwanza ni maji. Wenzetu huuliza: katika jiji linalotegemea kwa sehemu kubwa visima vya Mzakwe, ambako akina mama hupanga ndoo wakisubiri mgao, je, ni haki kumwaga maji ardhini ili kutuliza vumbi? Hoja hii ni nzito, na hatutaki kuipuuza. Jibu letu ni kwamba maji ni silaha ya mwisho, si ya kwanza. Kutosafisha kiwanja chote kwa mara moja hakuhitaji hata tone. Kufunika mchanga kwa turubai, kumwaga kokoto kwenye njia ya magari, kuweka matuta ili tipa zipunguze mwendo, kuzungushia mabati au nyavu, kuteremsha kifusi kwa mfereji uliofunikwa badala ya kukitupa: hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachokunywa maji. Palipo lazima kulowesha, maji yaliyooshea mitambo ya zege, yakishatuama na kuchujwa, yanatosha; na kukata kigae kwa mashine yenye maji hutumia ndoo chache ambazo zaweza kuzungushwa tena. Kunyunyiza kidogo mara nyingi ni bora kuliko kumwaga boza zima mara moja na kufanya matope.

Ya pili ni fedha. Inasemwa kwamba wakandarasi wadogo hawawezi. Lakini turubai hudumu miradi mingi, na mabati ya uzio hutumika tena. Ukweli ni kwamba mkandarasi hutekeleza kile kilichoandikwa katika mchanganuo wa kazi na gharama, na kisichoandikwa hakifanyiki. Kwa hiyo lawama haimwangukii yeye peke yake. Mwenye mradi asiyeweka shilingi moja kwa ajili ya vumbi amekwisha kuamua, hata kabla ya jembe la kwanza, kwamba jirani ndiye atakayelipa.

Ya tatu ni hofu ya kazi. Vijana husema: tukilalamika mradi utasimamishwa, nasi tutakosa mkate. Tunaielewa hofu hiyo. Hatuombi ujenzi usimame. Twaomba ufanywe bila kuwaumiza watu. Kazi inayompa kijana mkate leo na kumnyang'anya mapafu kesho haijamlipa, imemkopa.

TUANZIE KWETU

Ni rahisi kuwaandikia wakubwa waraka juu ya miradi mikubwa. Hilo nalo tutalifanya. Lakini kanisa ni mjenzi katika jiji hili. Tunajenga makanisa, shule, zahanati, kumbi na nyumba za mapadre. Tunachanga, tunaweka mawe ya msingi, tunabariki. Hatuwezi kumnyoshea mkandarasi wa barabara kidole kilichojaa saruji yetu wenyewe.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa Halmashauri ya Walei na kwa kamati zote za ujenzi mambo haya. Mchanganuo wa kila mradi uwe na kifungu cha kudhibiti vumbi na kukinga wafanyakazi, chenye fedha halisi. Mkataba utaje kwamba ukataji wa vigae, mawe na zege hautafanyika vikavu, na kwamba hakuna kitakachochomwa moto kiwanjani. Kila anayefanya kazi, hata wa siku moja, aandikwe jina lake katika daftari, na apewe barakoa inayozuia chembe laini bila kukatwa ujira. Majirani waarifiwe kabla ya kubomoa, na kazi yenye vumbi ipangwe saa ambazo upepo umetulia na watoto hawapiti. Kamati iteue mtu mmoja wa kupokea malalamiko, jina lake libandikwe langoni, naye awe na mamlaka ya kusimamisha kazi upepo ukizidi. Ujenzi ukiisha, ardhi iliyoachwa wazi ipandwe majani na miti inayostahimili ukame.

Kwa miradi ya wengine, jumuiya zianze na mazungumzo: kwa msimamizi wa kazi, kisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kamati ya mazingira, kisha kwa afisa mazingira wa jiji, na ikibidi kwa chombo cha taifa kinachosimamia mazingira. Andikeni tarehe, saa, na mliyoyaona. Malalamiko yaliyoandikwa na kusainiwa na kaya ishirini hayafanani na manung'uniko ya kilabuni.

Mwaka huu parokia yetu inatazamia kuanza ujenzi wa madarasa ya chekechea, upande ule ule wa ukuta. Tumekwenda kwa yule mama, tumemwomba radhi, na tumemwomba aje katika kikao kitakachopitia mchanganuo. Alituuliza swali moja: je, mtanisikiliza kabla ya kuchimba, au baada? Tumemjibu kwamba ni kabla. Ninyi mnaosoma kurasa hizi ndio mtakaoshuhudia kama tumelitimiza neno letu.

MASWALI YA KUTAFAKARI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, ni ujenzi gani unaotoa vumbi au moshi kwa sasa, na ni akina nani wanaoumia zaidi? Je, tumewahi kuwauliza?

2. Kati yetu wapo mafundi, vibarua na wenye nyumba zinazojengwa. Kila mmoja anaweza kubadili nini wiki hii bila kungoja agizo?

3. Tulipochangia ujenzi wa mwisho wa parokia, je, tuliuliza wafanyakazi walikingwaje na majirani waliarifiwaje? Tutauliza nini safari hii?